Shemeji Anayesoma Miguu

Ilianza Alhamisi ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu mama alikuwa amenituma niangalie saa ya ukutani kama imefika tisa na nusu ili atie majani kwenye chai, na nilipoinua macho, mlango wa sebule ukajaa mtu. Sisemi ulifunguliwa. Ulijaa. Mwanga wa nje ulipotea, kisha kichwa kikainama, mabega yakapita upande upande, moja baada ya jingine, na sauti ya upole kabisa ikasema, "Hodi hapa?"

Nilikimbilia jikoni.

Huyo ndiye aliyekuwa anakuja kumwoa dada yangu. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona ila kwenye picha, tena akiwa amevaa kofia ngumu yenye vyuma mbele ya uso, kama mtu anayechungulia kutoka kwenye kizimba. Kazi yake ilikuwa kucheza mpira wa Marekani, ule wa kubebwa mikononi, na nafasi yake uwanjani inaitwa linebacker. Alikutana na dada kwenye harusi ya rafiki yao huko Loresho, miaka miwili nyuma. Tangu hapo uchumba wao ulikuwa wa simu, na wiki chache kila mwaka ligi yao ikifungwa. Kila alipokuja kwetu Kinoo kusalimia, mimi nilikuwa shule ya bweni.

Lazima niseme jinsi nilivyo, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Mimi huogopa watu. Si kwamba siwapendi. Nikiangaliwa na wengi, mikono yangu hutetemeka na maneno huisha. Mbele ya geti letu kuna barabara, na kando ya barabara kuna kinyozi, duka, na mama wa mandazi, na wote hao husalimia. Kwa hiyo mimi nikitumwa hupitia nyuma, kwenye zizi la ng'ombe, nikakata katikati ya majani marefu ya nepia mpaka nitokee upande wa pili wa duka. Dada alikuwa anajua. Tukiwa pamoja, yeye ndiye aliyenisemea. "Anataka mkate, ule mdogo," alikuwa akisema, nami nanyoosha mkono kuupokea. Chumba chetu kilikuwa kimoja tangu nizaliwe.

Jioni hiyo mgeni alipokwisha kunywa chai na kurudi kwao Woodley, dada alinikuta zizini nikiwapa ng'ombe majani.

"Unajua Jumamosi tutafunikwa," akasema.

Nilijua. Siku ya ruracio, mahari ikizungumzwa, bibi harusi na wasichana wengine wa kimo chake hufunikwa leso kutoka kichwani hadi chini, wakapangwa mbele ya watu. Bwana harusi huambiwa achague wake. Akikosea, anatozwa faini na kuchekwa, kisha anajaribu tena. Mara nyingi marafiki zake huwa wamemhonga mtoto fulani wa nyumba ampe ishara, na kila mtu anajua hivyo.

"Mimi sitaki ishara," dada akasema. "Nikienda kule naacha kazi ya benki, naacha mama, nakuacha wewe. Miaka miwili tumeongea na simu. Sauti yangu anaijua. Nataka kuona kama ananijua mimi."

"Akikosea?"

"Akinikosa mara ya kwanza, siendi."

"Si ni mchezo tu?"

"Kwao ni mchezo." Alichukua majani mengine, akamrushia ndama. "Na wewe utasimama nami. Tuna kimo kimoja. Kazi yako ni kusimama kama mti. Hiyo unaijua vizuri."

Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu kama si mkweli kwenye maandishi yangu mwenyewe, basi nitakuwa wapi? Usiku nilipolala, upande mmoja wa moyo wangu ulitaka jamaa akosee. Nani angenisemea dukani?

* * *

Ijumaa nilipewa kazi mbaya kuliko zote. Mgeni alihitaji kununua mablanketi ya akina mama kwa ajili ya kesho yake, na ilikuwa lazima mtu wa nyumbani aende naye asije akamnunulia shangazi rangi nyekundu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakuweza kuona blanketi jekundu bila kulikataa. Bibi harusi hawezi kwenda. Mama ana kazi. Nikabaki mimi.

"Niaje, shem mdogo?" alisema nilipoingia kwenye gari aliloazima kwa kaka yake. Kiti chake kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na bado magoti yaligusa usukani.

Nilitikisa kichwa.

"Hii dinga ni ndogo, ama ni mimi?"

Nilicheka kabla sijajizuia. Dinga! Hakuna mtu aliyekuwa bado anaita gari hivyo. Sisi tulikuwa tumehamia ndai zamani. Kumbe alikuwa ameondoka Nairobi na Sheng yake kwenye sanduku, na miaka yote hiyo hakuna aliyembadilishia. Alipoona nacheka akaendelea makusudi, akimwaga maneno ya wakati mimi niko nasari, mpaka tukafika Westlands nikiwa nimeshika tumbo.

Mtaa wa Biashara watu walisimama kumtazama. Mwenye duka la mablanketi, mzee mwenye futi ya kupimia shingoni, alimwangalia juu hadi chini, kisha akaniuliza mimi, "Huyu anaendesha lori ama analibeba?"

"Analizuia," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu. Mzee alicheka hadi akakaa chini, akatupunguzia bei bila kuombwa. Shemeji alinitazama kama mtu aliyeokota kitu.

Tulikula chipsi mahali fulani karibu na hapo, pale ambapo viti vimefungwa sakafuni kwa bolti ili visiibwe. Alijaribu kuingia, akakwama. Mbavu zilishikwa na meza, mgongo ukashikwa na kiti, na wahudumu wawili wakaja, mmoja akisukuma na mwingine akivuta, hadi akatoka na kuketi upande kama mwanamke aliyepanda baiskeli. Alitokwa na jasho. Nikaona kwamba kumbe naye hapendi kuangaliwa. Nadhani ndipo nilipoacha kumwogopa.

Alikuwa na kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichopinda nje na hakinyooki. Aliniona nikikitazama.

"Hiki kilibaki ndani ya jezi ya mtu," akasema. "Mtu akaenda, kidole kikamfuata."

Halafu akanisimulia, kwa sababu mimi sikuwa nasema na kimya lazima kijazwe na mtu. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba, aliyetoka upande wa magharibi na kupata nyumba ya baraza la jiji pale Woodley. Yeye na kaka yake walicheza raga kwenye kila kipande cha nyasi kando ya Ngong Road ambapo hawakufukuzwa. Shuleni alirusha tufe, na tufe ndilo lililompeleka Marekani. Chuo kimoja kilimlipia masomo ya uhandisi ili awarushie. Siku moja kocha wa mpira wao alimwona akinyanyua vyuma akamuuliza kama angependa kujaribu. Siku ya kwanza alivaa vile vikinga vya mapajani kwenye magoti, na vya magoti akavitia mfukoni akidhani ni vya akiba.

"Walicheka?"

"Wewe! Mpaka leo bado kuna mmoja hunipigia simu kunicheka."

Alipomaliza chuo alingoja timu za kulipwa zichague wachezaji. Huita jina kwa jina kwenye televisheni, na jina lake halikuitwa. Timu moja ikamwambia aje tu ajaribu, ikamweka mwezi mzima, kisha asubuhi moja mtu akamgusa bega akiwa anakula mayai na kumwambia arudishe kitabu cha mipango ya mchezo, yaani ameachwa. Akaenda kubeba makochi kwenye ghala la fanicha. Mwenzake alipovunjika mkono, wakamwita tena. Miaka miwili kazi yake ilikuwa moja tu: mpira ukipigwa mbali, kukimbia uwanja mzima na kumwangusha aliyeudaka. Mwaka wa tatu ndipo alipopewa nafasi yenyewe.

Mama yake, huko Woodley, alitumiwa kanda ya mchezo mmoja akaitazama na majirani. Akampigia simu akilia. "Mwanangu, mbona wanakuangukia?" Naye akamjibu, "Mama, mimi ndiye ninayewaangukia."

"Sasa wewe unafanya nini hasa?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la pili kwake siku nzima, na aliweka chipsi chini ili alijibu vizuri.

Alipanga chupa za sosi na pilipili kuwa safu mbili zinazotazamana. Nyuma ya safu moja akaweka kichupa cha chumvi. "Hawa wa mbele ni wanene kuliko mimi, wanasukumana. Huyu wa chumvi ni mimi. Nasimama nyuma yao na nina muda wa kupiga chafya moja kujua nani atapewa mpira na anaenda wapi. Upande ule wote wanafanya kazi ya kunidanganya. Mwenye mpira anajifanya hana. Asiye nao anakimbia amekumbatia hewa."

"Unajuaje?"

"Miguu. Macho yanadanganya, mabega yanadanganya. Miguu haijafundishwa kusema uongo. Na ukitaka kujua zaidi, unajifanya unavamia. Piga hatua moja kali. Kila mtu atafanya kile alichokuwa anaogopa kufanya."

Mchezo wake wa kwanza kama mlinzi kamili, akasema, hakungoja. Alimwona jamaa mmoja akijikunja kama amebeba kitu, akamrukia na kumzika chini, uwanja mzima ukapiga kelele, naye akainuka mikono juu. Kelele hazikuwa zake. Mwenye mpira alikuwa amepita upande wa pili akitembea. "Nilimkumbatia mtu asiye na kitu," akasema, "mbele ya ulimwengu."

Kisha akapangusa mikono. Akaangalia mlangoni, akaniinamia. "Shem mdogo. Kesho. Dada yako atakuwa wa ngapi?"

Nilihisi mikono ikianza. Niliificha chini ya meza, lakini alikuwa amekwisha kuiona. "Usiniulize," nikasema. "Hataki upewe ishara. Amesema ukimkosa mara ya kwanza, haendi."

Mtu huyu ambaye hujua mpira unaenda wapi kabla ya chafya kuisha, huyu hakuwa ameliona hilo likija.

"Amesema hivyo?"

"Akiwapa ng'ombe majani."

"Basi ni kweli," akasema. "Watu hawadanganyi mbele ya ng'ombe." Akarudisha chupa mahali pake, moja moja. "Sawa. Usiniambie kitu. Hata nikikuomba tena, usiniambie."

Alipokuwa akinirudisha nyumbani alipitia Woodley anionyeshe kiwanja chao cha raga. Kilikuwa kidogo, nyasi zimeliwa na mbuzi wa mtu. Goti lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa mara mbili, akaniambia, na mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu mmoja. Baada ya hapo angerudi kwenye uhandisi. Nyumba aliyokuwa nayo kule ilikuwa kubwa mno. "Nikirudi jioni nasikia friji tu," akasema. "Wanasema naogopwa na ligi nzima. Mimi nikifungua mlango naongea na friji."

* * *

Jumamosi shangazi alikuwa amevaa kofia ya kanisani na uso wa hakimu. Alikuwa amesikia kwamba wajanja hutazama viatu, kwa hiyo alituvua viatu sote sita na kutuvisha soksi za sufi za kijivu, zile baba huvalia gambuti. Kisha leso tatu tatu kila mmoja. Ndani ya leso kulikuwa na joto na harufu ya duka, na nilichoweza kuona ni kipande cha nyasi mbele ya vidole vyangu. Dada alisimama upande wangu wa kushoto. Nilimsikia akipumua.

Tulitolewa tukiongozwa kama vipofu. Hema lilijaa: watu wa kwetu wa Kinoo na mashambani, na upande wa pili wageni wa Woodley na jamaa zao waliotoka magharibi. Mtu alipiga vigelegele.

"Bwana harusi!" shangazi akapaza sauti. "Tumesikia wewe ni bingwa wa kukamata watu. Haya, kamata!"

"Mleteeni kofia yake ya chuma!" mjomba mmoja akadakia. "Hawa wasichana ni hatari!"

Nilisikia nyasi zikilia chini ya viatu vizito. Viatu vilipita mbele yetu taratibu, vikarudi, vikakaa katikati. Watu wakaanza kucheka, na baadaye nilielezwa kwa nini: alikuwa ameinama, mikono karibu na magoti, kichwa mbele, vile vile anavyosimama uwanjani, na suti yake mpya ilikuwa imekaza mgongoni kama ngozi ya ngoma.

Ndipo akapiga mguu chini, puu! akajitupa mbele kama anakuja kutuvunja.

Binamu zangu walipiga mayowe. Wa kwanza na wa pili walirudi nyuma hadi kwenye meza ya soda. Mmoja alikaa chini. Mwingine alikimbia, amefunikwa hivyo hivyo, mpaka akashikwa na mama yake karibu na zizi. Hema zima likaangua kicheko.

Mimi sikusogea. Ungerudije nyuma kwa sababu ya mtu uliyemwona jana amekwama kwenye kiti cha chipsi?

"Wawili!" watu wakapiga kelele. "Wamebaki wawili!"

Dada na mimi.

"Chagua, bwana, chakula kinapoa!" shangazi akasema.

"Wa kushoto! Chukua wa kushoto!" Huyo alikuwa kaka yake, mwenye gari, na wa kushoto nilikuwa mimi.

Viatu vikaja vikasimama mbele yangu. Nikafikiri: sihitaji kufanya lolote. Nikisimama tu kama mti, kama nilivyoagizwa, anaweza kunichagua, na dada atabaki. Hata singekuwa nimemkosea mtu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Nilisimama. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wananitazama mimi, hata kama hawakujua ni mimi. Pindo la leso, pale kwenye kipande changu cha nyasi, likaanza kucheza.

"Pumua, shem mdogo," sauti ikasema chini chini.

Viatu vikapita.

Nilisikia vigelegele kabla sijafunua uso wangu. Alikuwa amepiga goti, lile goti bovu, na leso za dada zilikuwa mabegani, na dada alikuwa analia na kucheka huku wanja umemshuka hadi kidevuni.

"Amepewa ishara!" Shangazi alikuwa amesimama juu ya kiti. "Nimewasikia! Wamenong'onezana na huyo mdogo! Jana walikuwa pamoja mjini mchana kutwa! Faini, na arudie!"

"Arudie!" wengine wakaitika, maana watu hupenda kitu kirudiwe.

Dada aliacha kucheka. Alinigeukia, na nikaona uso wake ukijifunga polepole kama dirisha. Hakuuliza. Alinitazama tu, na swali lilikuwa wazi: ulimwambia?

"Sikumwambia," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nilivuta zile leso zote tatu, zikaanguka, na jua likanipiga machoni. "Sikumwambia! Aliniuliza nikakataa! Amenijua kwa sababu nilikuwa natetemeka. Mimi hutetemeka. Dada hatetemeki!"

Niliinua mikono yangu waione, na kwa kweli ilikuwa inatetemeka kama ya mgonjwa.

Cucu, nyanya yetu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na blanketi lake jipya la buluu, akaanza kucheka bila meno. "Ni kweli kabisa," akasema. "Huyu hutetemeka hata akiitwa kunywa chai."

Hema lilicheka, lakini kicheko hicho hakikuniuma. Shangazi alishuka kwenye kiti akitafuta njia ya kushuka kwenye maneno yake pia. "Haya. Basi atoe kreti ya soda kwa kutishia wasichana wetu."

"Nitatoa mbili," shemeji akasema. "Wale wa kwenye meza wameangusha moja."

Baadaye, wazee wakiwa kwenye mambo ya mbuzi wa mahari, tulikaa sisi watatu nyuma ya hema. Dada bado hakuwa ameridhika. "Umejua huyu ni huyu," akamwambia. "Hiyo si kujua mimi ni mimi."

"Nilikujua kabla yake," akasema. "Nilikwenda kwake kuhakikisha tu. Siku hizi nangoja." Alionyesha chini kwa kile kidole kilichopinda. "Ukizuia kicheko unakunja vidole vya miguu. Nilipopiga mguu chini, soksi yako ilijikunja. Ulifanya hivyo Loresho, siku ile ya kwanza. Ulikuwa umevua viatu chini ya meza na bwana mmoja anatoa hotuba ndefu."

Dada alitazama miguu yake. Nami niliitazama. Miaka yote hiyo chumba kimoja, vitanda vinakaribiana, na sikuwa najua hilo. Dada aliinuka akaenda kumwekea chakula, na nyama aliyomwekea ilikuwa ya watu wawili.

* * *

Asubuhi yake, Jumapili, wageni waliolala kwetu walikuwa hawana kitafunio cha chai. Mama alinipa bakuli na kunituma mandazi. Dada alikuwa ameamka anapanga nguo juu ya kitanda, hizi za kubaki, hizi za kwenda, akaanza kutafuta viatu vyake anisindikize.

"Kaa tu," nikamwambia.

Nilitoka nikafika zizini, ng'ombe akanitazama, nikarudi. Nilipitia getini. Mama wa mandazi alikuwa anageuza ya kwanza kwenye mafuta, na mgongo wake ulikuwa kwangu. Ningeweza kungoja ageuke.

"Sasa, mama," nikasema. "Umeamkaje?"

Aligeuka na mwiko hewani. "Ai! Kumbe unaongea?"

"Naongea."

"Tumesikia mambo yenu ya jana mpaka huku." Alinitazama mikono, nayo ilikuwa imeshikilia bakuli kwa nguvu. "Na huyo shemeji bado yuko? Yeye nimhesabie ngapi?"

"Usihesabu," nikasema. "Weka karai zima."

Akacheka, nami nikangoja hapo barabarani, mbele ya kinyozi na duka na kila mtu, mpaka yaive.